Jackie Robinson, Mwenye Nguvu Aliyezuia Mkono Wake

Leo tunawasimulia maisha ya mtu mweusi wa Marekani, mjukuu wa watumwa. Kwanza alipata sifa kwa michezo katika chuo kikuu, kisha akawa mchezaji wa kulipwa, na jina lake likaenea mbali. Aliitwa Jack Roosevelt Robinson, lakini watu wote walimwita Jackie. Alikufa mwaka 1972. Mchezo wake hauchezwi kwetu Kanyabayonga, wala Lubero, wala Butembo, ndiyo maana tutaueleza mahali pake. Lakini mashaka yaliyompata hayahitaji maelezo mengi, kwa kuwa kila mtu aliyewahi kutukanwa mbele ya watu anayafahamu.

Jackie alizaliwa tarehe 31 Januari 1919, karibu na mji mdogo uitwao Cairo, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Msidhani ni Kairo ile ya Misri. Ni jina tu. Utumwa ulikuwa umekomeshwa huko tangu mwaka 1865, lakini watu weusi wengi waliendelea kulima mashamba ya weupe. Mavuno waligawana na mwenye shamba, na mara nyingi baada ya kugawana mkulima alibaki na deni. Jerry Robinson, baba yake Jackie, alikuwa mmoja wa wakulima hao. Jackie alikuwa mtoto wa tano na wa mwisho. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba alikwenda zake, wala hakurudi tena.

Mama yake, Mallie, hakukaa kulia. Mwezi wa Mei 1920 aliwachukua watoto wake watano, akapanda nao gari la moshi, akasafiri zaidi ya kilomita 3,000 mpaka mji wa Pasadena, katika jimbo la California, upande wa machweo. Huko akafanya kazi katika nyumba za watu, kufua na kupika na kusafisha. Alitoka alfajiri, akarudi usiku. Baada ya muda jamaa hiyo ikapata nyumba katika njia ya Pepper, ambako majirani wote walikuwa weupe. Majirani wakatafuta namna ya kuwafukuza. Mallie hakuhama, wala hakuwatukana. Aliwafundisha watoto wake kusali na kutomwogopa mtu. Tukifuata maisha ya Jackie tutaona mara nyingi kwamba yeye ni mtoto wa mama huyo.

California haikuwa Georgia, lakini ubaguzi ulikuwako. Mji ulikuwa na bwawa la kuogelea, na watoto weusi waliruhusiwa kuingia siku moja tu katika juma. Jackie alipokuwa kijana alijiunga na vijana wa mtaani, wakarusha mawe, wakaiba matunda, na mara kadhaa akapelekwa mbele ya polisi. Aliyemvuta kutoka njia hiyo alikuwa mchungaji kijana wa kanisa la Wamethodisti, jina lake Karl Downs. Mchungaji huyo hakumngojea kanisani. Alimtafuta njiani pamoja na wenzake, akawafungulia mahali pa kuchezea na kuzungumza. Punde si punde Jackie akawa anafundisha watoto katika shule ya Jumapili, hata siku ambazo mwili ulimwuma kwa mchezo wa jana yake.

Katika nyumba hiyo Jackie hakuwa mwenye mbio peke yake. Kaka yake, Mack, alikwenda Berlin mwaka 1936 kwa michezo ya Olimpiki, akawa wa pili katika mbio za mita 200, nyuma ya Jesse Owens aliyesifiwa na dunia yote. Mack alirudi Pasadena na medali yake. Mji ukampa kazi gani? Kufagia barabara. Siku za baridi alifagia akiwa amevaa koti lake la Olimpiki. Jackie aliyaona hayo kwa macho yake.

Mwaka 1937 aliingia koleji ya Pasadena, na mwaka 1939 akaingia Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Sifa zake zilianzia katika shule hizo mbili. Tarehe 7 Mei 1938 alishindana katika kuruka mbali, akaruka karibu mita 7 na sentimita 78, akavunja rekodi ya kaka yake Mack. Hakupumzika. Akaingia katika motokaa, akabadili nguo njiani, akafika mji mwingine kucheza besiboli na timu ya koleji yake siku hiyohiyo. Katika chuo kikuu alipata heshima ya kuiwakilisha shule katika michezo minne: mpira wa miguu wa Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli. Kabla yake hapakuwa na mwanafunzi yeyote wa chuo hicho aliyefanya hivyo. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vyote vya Marekani katika kuruka mbali.

Tena angalieni jambo la ajabu. Katika michezo hiyo minne, aliyoiweza kwa shida zaidi mwaka ule ilikuwa besiboli. Siku ya kwanza aling'aa, lakini mwisho wa msimu alikuwa amefaulu kuupiga mpira chini ya mara moja katika kila mara kumi. Kama mtu angeulizwa siku zile ni mchezo gani utakaomfanya Jackie Robinson ajulikane, angetaja mitatu mingine kwanza. Wanafunzi waliokosa mtihani mmoja wakakata tamaa walikumbuke hilo.

Chuoni alikutana na Rachel Isum, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi, naye ndiye aliyekuwa mke wake baadaye. Lakini Jackie hakumaliza masomo. Mwaka 1941, ikiwa imebaki miezi michache tu, aliacha. Alimwona mama yake akichoka kwa kazi, na tena hakuamini kwamba shahada ingempatia mtu mweusi kazi nzuri. Alikuwa amemwona Mack na ufagio wake. Mama na Rachel walimsihi abaki, asikubali.

Vita vikaja. Mwaka 1942 aliitwa jeshini, na Januari 1943 akawa afisa, luteni. Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya Hood huko Texas, alipanda basi la jeshi akaketi karibu na katikati. Dereva akamwamuru aende kukaa nyuma, mahali pa weusi. Jackie alijua kwamba jeshi lilikuwa limekwisha kukataza ubaguzi katika mabasi yake, akakataa kuondoka. Wakubwa wakakasirika kwa jinsi alivyowajibu, akashitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwezi wa Agosti maafisa waliomhukumu walimwona hana hatia. Kikosi chake kilikwenda kupigana Ulaya bila yeye, na mwezi wa Novemba aliachiliwa kwa heshima.

Tumelieleza jambo la basi kwa makusudi. Watu wengine waliosikia habari za Jackie Robinson humfikiri kuwa mtu mpole wa asili, asiyejua kukasirika. Sivyo hata kidogo. Damu yake ilikuwa ya moto. Hilo lazima mlishike, la sivyo hamtaelewa yatakayofuata.

Sasa tueleze mchezo. Besiboli huchezwa na timu mbili, kila moja watu tisa. Mpira ni mdogo na mgumu, kama chungwa dogo, umefunikwa kwa ngozi. Mtu mmoja, mtupaji, anasimama umbali wa mita 18 na kuutupa kwa nguvu sana. Mpigaji wa timu nyingine anashika gongo la mti na kujaribu kuupiga. Akiupiga vema, anakimbia. Kuna vituo vinne vilivyopangwa kwa pembe, na kati ya kituo na kituo ni mita 27 na zaidi kidogo. Mkimbiaji hupita kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka kurudi alikoanzia, panapoitwa nyumbani. Hapo ndipo timu yake huhesabiwa alama moja. Wachezaji wanne wa timu inayolinda husimama karibu na vituo, ndio walinzi wa ndani. Kazi yao ni kudaka mpira uendao kama risasi chini ya miguu, na kuurusha kituoni kabla mkimbiaji hajafika. Jackie alikuwa mlinzi wa ndani kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo, ingawa alihamishwa kutoka kituo hiki mpaka kile.

Kuna jambo jingine liitwalo kuiba kituo. Msishtuke, ndugu, amri ya saba haivunjwi hapo! Maana yake ni kwamba mkimbiaji anangojea mtupaji aelekeze mawazo yake kwa mpigaji, kisha anaondoka ghafula na kufika kituo kinachofuata kabla ya mpira. Jackie aliliweza jambo hilo kupita wote wa wakati wake. Alitoka kituoni hatua moja, mbili, tatu, akarudi, akatoka tena, mpaka mtupaji akatetemeka mikono.

Lakini ligi kubwa za Marekani zilikuwa za weupe tu. Mwaka 1884 mtu mweusi mmoja, Moses Fleetwood Walker, naye aliyepitia chuo kikuu, alicheza katika timu ya Toledo. Baada ya mwaka huo mlango ulifungwa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walipatana kimya tu, na mapatano hayo ya kimya yalidumu zaidi ya miaka 60. Weusi wakaanzisha ligi zao wenyewe, na mwaka 1945 Jackie alijiunga na timu moja ya huko, Kansas City Monarchs, kwa dola 400 kwa mwezi. Walisafiri usiku na mchana kwa basi, wakala ndani ya basi, wakalala ndani ya basi, kwa sababu hoteli nyingi hazikuwapokea.

Mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers, huko New York, alikuwa mzee mmoja jina lake Branch Rickey. Mzee huyo alisimulia mara nyingi kwamba, alipokuwa kocha wa koleji katika ujana wake, mchezaji wake mmoja mweusi alikataliwa chumba cha hoteli. Usiku akamkuta akilia na kusugua ngozi ya mikono yake kana kwamba rangi ingetoka. Basi Rickey aliazimu kuufungua mlango. Hatusemi kwamba alikuwa mtakatifu. Alijua pia kwamba wachezaji weusi hodari wangemletea ushindi na fedha, na alipomchukua Jackie hakuilipa timu ya Monarchs hata senti moja. Mara nyingi moyo wa mtu hubeba sababu mbili pamoja, nasi tusimhukumu kwa ile ya pili tu.

Tarehe 28 Agosti 1945 Rickey alimwita Jackie katika ofisi yake mjini Brooklyn. Walikaa kama saa tatu. Mzee akavua koti lake, akajifanya karani wa hoteli anayemfukuza Jackie. Kisha akajifanya mtumishi wa mkahawa. Kisha mchezaji wa timu nyingine, akamtukana yeye na mama yake, akamtupia ngumi karibu na uso. Jackie alikunja mikono. Akauliza kama mzee anatafuta mtu mweusi anayeogopa kupigana. Rickey akamjibu kwamba anatafuta mwenye ushujaa wa kutolipiza. Kwa maana Jackie akipiga mtu mara moja tu, watu wote watasema weusi hawafai, na mlango utafungwa tena miaka mingi. Ndipo akafungua kitabu cha maisha ya Yesu kilichotungwa na Giovanni Papini, mwandishi wa Italia aliyekuwa bila dini kisha akawa Mkatoliki, akamsomea sehemu ihusuyo kugeuza shavu la pili. Jackie alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaahidi. Kwa miaka mitatu hatajibu tusi wala pigo.

Ndugu, ahadi hiyo ipimeni vema. Rickey hakumwambia mtu dhaifu anyamaze. Alimwambia hivyo mtu mwenye mabega ya mpiganaji, aliyekataa amri ya dereva huko Texas.

Februari 1946 Jackie alimwoa Rachel, na mchungaji Karl Downs ndiye aliyewafungisha ndoa. Wakaenda Florida kwa mazoezi. Njiani waliondolewa katika ndege ili weupe wapate nafasi, wakamaliza safari kwa basi, viti vya nyuma. Katika mji wa Sanford ilibidi waondoke upesi kwa vitisho vya watu wa mji. Kisha Jackie akapelekwa Montreal, katika Kanada, katika timu ndogo ya Dodgers. Siku yake ya kwanza, tarehe 18 Aprili 1946 katika Jersey City, alipiga vema mara nne katika tano, akaiba vituo viwili, na Montreal wakashinda 14 kwa 1. Mwisho wa mwaka alikuwa mpigaji wa kwanza wa ligi yake yote. Watu wa Montreal, wengi wao Wakatoliki wasemao Kifaransa, walimpenda. Rachel alipokuwa mja mzito, wanawake majirani walimsaidia ingawa lugha zao hazikufanana. Timu ilipopata ubingwa, watu walimkimbilia Jackie kwa furaha mpaka ikambidi awakimbie.

Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanja wa Brooklyn akiwa amevaa namba 42. Watu zaidi ya 26,000 walikuwako, na inasemekana zaidi ya nusu yao walikuwa weusi. Aliwekwa kituo cha kwanza, mahali ambapo karibu hakuwahi kucheza. Siku hiyo hakupiga vema hata mara moja, lakini alikimbia nyumbani mara moja, na timu yake ikashinda. Watu waliporudi makwao, jambo lililofungwa kwa zaidi ya miaka 60 lilikuwa limefunguka, bila radi wala umeme.

Mateso yalianza juma lililofuata. Tarehe 22 Aprili timu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn, na kiongozi wao, Ben Chapman, pamoja na wachezaji wake, wakamtukana Jackie kwa maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Walitukana kila alipokwenda kupiga, siku baada ya siku. Baadaye Jackie aliandika kwamba siku ile ndipo alipokaribia kabisa kuvunja ahadi. Alitamani kutupa gongo chini, kwenda kwao, kumkamata mmoja na kumpiga ngumi, kisha kuuacha mchezo milele. Hakwenda. Akabaki mahali pake, akacheza, akafunga alama ya pekee ya siku hiyo. Matusi hayo yakafanya kazi ambayo Chapman hakuikusudia: wachezaji wenzake wa Brooklyn, hata waliokuwa hawamtaki katika timu, waliona haya, wakaanza kumtetea. Majuma machache baadaye ilitakiwa Jackie na Chapman wapigwe picha pamoja ili watu watulie. Hawakupeana mikono, walishika gongo moja, huyu upande huu, yule upande ule. Jackie alikubali. Sisi tunaona kwamba pengine picha hiyo ilimgharimu kuliko matusi yenyewe.

Zikaja barua za kumtishia kifo, nyingine zikimtaja mkewe na mtoto wao mchanga. Watupaji walimlenga mwilini, na mwaka ule wa kwanza mpira ulimgonga mara tisa. Mwezi wa Agosti mchezaji mmoja wa St. Louis alimkanyaga mguuni kwa viatu vyenye chuma. Hakujibu. Katika wenzake alipata rafiki wa kweli, Pee Wee Reese, mzaliwa wa Kentucky, nchi ya kusini ambako weusi walitengwa. Leo mjini Brooklyn iko sanamu inayomwonyesha Reese akimwekea Jackie mkono begani. Mwisho wa mwaka 1947 Jackie alikuwa wa kwanza katika ligi yake kwa kuiba vituo, 29, akapewa tuzo ya mchezaji bora katika wageni. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Larry Doby, mweusi wa pili, alikuwa ameingia ligi kubwa ile nyingine. Wengine wakafuata.

Katika miaka hiyo ya kunyamaza msiba mmoja ulimchoma sana. Februari 1948 mchungaji Karl Downs, angali kijana, alikufa huko Texas baada ya kupasuliwa. Jackie aliamini mpaka mwisho kwamba rafiki yake angalipona kama angalitunzwa kama mtu mweupe.

Muda wa ahadi ukaisha. Mwaka 1949 Rickey alimfungua kifungo cha ulimi. Tangu siku hiyo, aliyetukana alijibiwa, na mwamuzi aliyekosea aliambiwa. Magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakaanza kumwita mkorofi. Lakini kilichobadilika ni kifungo tu, mtu alikuwa yuleyule. Na je, aliharibika kwa kufunguliwa? Mwaka huo alipiga vema mara 342 katika kila 1,000, akaiba vituo 37, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Wakati huo alilinda kituo cha pili, ambako alifanana na mtu aliye kwake.

Mwezi wa Julai 1949 aliitwa na kamati ya bunge ili aseme juu ya Paul Robeson, mwimbaji mweusi mashuhuri aliyeshitakiwa kuwa rafiki wa Wakomunisti. Jackie alipinga maneno ya Robeson, ingawa aliushutumu pia ubaguzi bila kuficha. Magazeti yalieneza ile sehemu ya kwanza, ya pili yakaipunguza. Robeson aliteswa miaka mingi baadaye. Katika kitabu cha maisha yake, mwaka 1972, Jackie alieleza kwamba heshima yake kwa mzee yule ilikuwa imeongezeka na umri. Kufikiri upya si aibu kwa mtu mkubwa.

Katika miaka 10 na Dodgers, timu ilikuwa bingwa wa ligi yake mara sita. Mwaka 1955, tarehe 28 Septemba, mbele ya timu ya Yankees, Jackie mwenye miaka 36 na nywele zinazoanza kuwa nyeupe aliiba nyumbani, jambo gumu kuliko yote, maana mpira tayari unaelekea huko. Katika maisha yake alifanya hivyo mara 19. Tarehe 4 Oktoba Brooklyn walipata ubingwa mkuu kwa mara ya kwanza. Mwisho wa mwaka 1956 timu ilitaka kumwuza kwa wapinzani wao, naye akaacha mchezo.

Mwaka 1957 akawa mkubwa katika kampuni moja ya kahawa ya New York. Mwaka 1959 alisaidia kutafuta fedha ili wanafunzi wa Afrika ya Mashariki, walioandaliwa na Tom Mboya wa Kenya, wapate ndege ya kwenda kusoma Marekani. Wa kwanza 81 walisafiri Septemba mwaka huo. Mwaka 1962 akaingizwa katika nyumba ya heshima ya besiboli, mweusi wa kwanza. Alitembea pamoja na Martin Luther King, na mwaka 1964 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa benki ya watu weusi huko Harlem.

Mwili haukumfuata. Ugonjwa wa sukari ulimshika mapema, ukala macho na miguu ile iliyowatetemesha watupaji. Mwana wake wa kwanza, Jackie mdogo, alijeruhiwa katika vita vya Vietnam, akarudi amenaswa na madawa ya kulevya, akapona kwa shida nyingi, akaanza kuwasaidia wengine. Kisha Juni 1971 akafa katika ajali ya motokaa. Alikuwa na miaka 24. Watu waliomwona Jackie baada ya hapo walisema alizeeka kwa siku moja.

Tarehe 15 Oktoba 1972 alialikwa uwanjani mjini Cincinnati, kukumbuka miaka 25 tangu aingie Brooklyn. Alikuwa karibu kipofu. Alishukuru kwa adabu, kisha mbele ya watu wote akasema anatamani kuona mtu mweusi akiwa kiongozi wa timu, kwa maana mpaka siku hiyo hapakuwa na hata mmoja. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 53. Alizikwa Brooklyn, karibu na mwanawe. Kiongozi wa kwanza mweusi, Frank Robinson, asiye ndugu yake ila kwa jina, aliingia kazini Cleveland mwaka 1975. Mwaka 1997 ligi kubwa ziliamua kwamba namba 42 haitatolewa tena kwa mchezaji mpya wa timu yoyote. Sasa kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa pamoja, siku hiyo moja.

Rachel alikuwa amefanya kazi ya uuguzi na kufundisha. Mwana wao mdogo, David, katika miaka ya 1980 alivuka bahari akaenda Tanzania, akakaa Mbozi, nchi ya milima na kahawa kama hii yetu. Akafyeka msitu, akapanda miche, akaungana na wakulima jirani zake, na kahawa yao wakaiuza mpaka Marekani.